Besi wa Januari Hataki Haraka

Maji yamepoa, rafu za duka zimejaa vyambo vya kila rangi, na bajeti ya nyumbani bado haijapona kutoka sikukuu. Kabla hujatoa kadi yako ya benki, soma hapa kwanza.

Tuseme ukweli, Januari ni mwezi mgumu kwa wapenzi. Na kama mnaishi Dallas, Louisville au Springfield, ni mgumu mara mbili. Sherehe zimekwisha, bili zimebaki, na jioni jua linazama mapema. Mnarudi kazini mmechoka, kila mmoja anachukua kona yake ya sofa na simu yake, na wikiendi inapita bila hata mazungumzo ya maana. Sasa katika hali hiyo mwenzi wako anaamka Jumamosi na kutangaza, "Naenda kuvua samaki."

Kuvua? Kwenye baridi hii?

Ndiyo, kwenye baridi hii. Marekani uvuvi wa samaki aina ya besi ni burudani ya mamilioni ya watu, na wapo wasiolaza fimbo zao hata theluji ikianguka. Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia huko, wengine wamekulia kando ya maziwa makubwa ya kwetu, kwa hiyo kuvua kwenyewe si jambo geni. Kigeni ni hilo baridi. Kwa Kiswahili tukisema "samaki wa maji baridi" tunamaanisha samaki wa maji yasiyo na chumvi. Leo tunazungumzia ubaridi wenyewe, ule wa kuuma vidole.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaingia dukani, wanaona ukuta mzima wa vyambo bandia vinavyometameta, wanachukua vinavyopendeza macho, wanalipa dola 100 na zaidi, kisha wanarudi nyumbani jioni mikono mitupu na pua nyekundu. Nyumbani nako maswali yanaanza. "Hivi kweli umeniacha peke yangu siku nzima kwa ajili ya hili?" Fedha imeenda, siku imeenda, na amani imeenda nayo.

Habari njema ni kwamba kuchagua chambo cha majira ya baridi hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kujua jambo moja tu, nalo ni hili: besi wa kwenye baridi anakula, lakini hakimbizi chakula. Ukilielewa hilo, nusu ya ule ukuta wa duka unaweza kuupita bila kugeuza shingo.

KWANZA, MFAHAMU MWENYEWE

Besi mdomo mpana ni samaki mlaji wa samaki wenzake. Wasomaji wa Kenya wanamfahamu, maana aliletwa kutoka Marekani na kupandwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Tofauti ni kwamba maji ya Naivasha hayapoi kama ya Missouri au Kentucky. Kule Naivasha besi ana nguvu zake mwaka mzima, anaweza kukimbiza chambo kinachopita kasi. Ukiibeba mbinu hiyo kama ilivyo ukaenda nayo Missouri mwezi Januari, utarudi na hadithi tu.

Sababu ni rahisi. Samaki huyu hana joto lake mwenyewe kama wewe na mimi. Mwili wake unafuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ambazo Wamarekani wanazisoma kama 50 za Farenhaiti, kila kitu ndani yake kinapungua kasi: moyo, misuli, hata tumbo. Mlo mmoja unaweza kumchukua siku kadhaa kuusaga. Kwa hiyo hana sababu ya kutumia nguvu nyingi kufuata kitu kinachomkimbia. Akiona kitu kimepita mbio, anakiacha kiende zake. Akiona kitu kimesimama mbele ya pua yake, kidogo, kinatetemeka kama kinakata roho, hapo anafungua mdomo.

Na vitu vinavyokata roho vipo kweli. Katika mabwawa mengi ya kusini mwa Marekani besi wanategemea vijisamaki vyenye rangi ya fedha viitwavyo shadi. Aina mojawapo haivumilii baridi kabisa. Maji yakikaribia nyuzi 7 wanaanza kudhoofika, na baridi ikizidi wanakufa kwa makundi. Wanayumba, wanazama taratibu, wanashtuka kidogo, wanazama tena. Kwa besi hiyo ni meza iliyoandaliwa. Chambo kizuri cha Januari ni kile kinachoigiza kifo hicho cha polepole.

Jambo jingine ni kina. Maji huwa mazito zaidi yanapofika nyuzi 4. Ndiyo maana ziwa likiganda juu, maji ya chini yanabaki na joto kidogo kuliko yale yaliyogusana na barafu. Kwenye mabwawa yasiyoganda, kama mengi ya Texas, joto la maji halitofautiani sana toka juu hadi chini, lakini besi wengi bado wanapenda kukaa karibu na vilindi, kwenye kuta za mawe na kingo za mkondo wa zamani wa mto. Hapo akitaka kupanda au kushuka hahitaji kwenda mbali. Uvivu wa akili, si ndio?

VYAMBO VITANO VINAVYOTOSHA

Hapa sasa ndipo penye shopingi. Huhitaji sanduku zima. Hivi vitano vinatosha kabisa kwa wawili.

1. Jigi. Hii ni ndoana yenye kichwa kizito cha chuma, imevalishwa sketi ya nyuzi laini za mpira au manyoya. Uzito wa wakia 3/8 hadi 1/2, yaani gramu 10 hadi 14, unafaa sehemu nyingi. Unaitupa, unaiacha ifike chini kabisa, kisha unaiburuta juu ya mawe taratibu kama kaa anayetafuta njia. Ukidhani unaiburuta polepole, punguza tena. Jigi ni dola chache tu, na kama ungeruhusiwa kununua chambo kimoja peke yake kwa majira yote ya baridi, kingekuwa hiki.

2. Kisamaki cha kusimama. Ni umbo jembamba la plastiki lenye ndoana mbili au tatu tumboni na kidomo cha kukifanya kipige mbizi. Kimetengenezwa ili ukiacha kuvuta, kisizame wala kisielee, kibaki pale pale kati ya maji. Siri yake ni kituo. Vuta kidogo, vuta tena, halafu acha. Hesabu hadi 10. Maji yakiwa chini ya nyuzi 7 hesabu hadi 20, hata 30. Ni kazi ngumu kwa mtu mwenye papara! Lakini mara nyingi samaki anakuja wakati ule ule ambao wewe hufanyi chochote. Kuna vya chini ya dola 10 na vya zaidi ya dola 20. Anza na cha bei ndogo.

3. Bapa la kutetemeka. Kipande cha chuma chembamba chenye umbo la samaki, kizito kwa saizi yake. Ukikiinua kinatikisika mpaka unakisikia mkononi. Kiinue kama sentimeta 30 tu, kisha kishushe huku mshipi umekaza. Samaki wengi wanakidaka kinaposhuka, kwa hiyo ukilegeza mshipi hutajua kama umetembelewa.

4. Ned. Chambo hiki kinabeba jina la Ned Kehde, mwandishi wa mambo ya uvuvi kutoka Kansas aliyekieneza. Ni kijiti kifupi cha plastiki, kama sentimeta 7, kwenye kichwa kidogo cha gramu 2 au 3. Hakina mkia wa kucheza wala rangi za disko. Ukikitazama dukani utasema, "Hiki nacho ni nini?" Lakini ile plastiki inaelea, kwa hiyo kichwa kikikaa chini, mkia unasimama na kuyumba wenyewe. Kinaonekana chakula chepesi kwa samaki asiye na njaa sana.

5. Kijiko. Chuma kinachong'aa, kizito, cha kushusha wima moja kwa moja kwenye kilindi cha mita 6 hadi 12. Kinafaa zaidi kama mna boti na sona ya kuonyesha samaki walipo. Kama mnavulia ukingoni, kiacheni dukani mpaka mwakani.

Umeona kinachokosekana? Vyambo vya juu ya maji vinavyopiga kelele na vile vya kuzungusha rili kwa kasi. Si vibaya. Wakati wake utafika maji yakipata joto.

UDOGO SI UNYONGE

Wapo watakaosema samaki mkubwa anataka chambo kikubwa. Waambie habari ya Lake Fork, mashariki mwa Texas. Tarehe 24 Januari 1992, katikati ya majira ya baridi, Barry St. Clair alikuwa pale akivua samaki wengine wadogo zaidi kwa kutumia kijisamaki hai. Akapandisha besi wa ratili 18.18, zaidi ya kilo 8, na rekodi ya jimbo hilo ikawa yake. Hakutumia dude la kutisha. Alikuwa na kitu kidogo, majini kwenye baridi, mahali samaki alipokuwa.

Na si ajabu jimbo la Texas lina mpango uitwao ShareLunker, ulioanza mwaka 1986, unaopokea besi hai wa ratili 13 na zaidi ili wazalishwe. Siku hizi samaki hao wanapokewa kuanzia Januari 1 hadi Machi 31. Yaani wakati wengine wamejifungia ndani na blanketi, majike makubwa yako majini yanajiandaa kwa msimu wa kutaga.

Hata historia ya vyambo vyenyewe inatufundisha hivyo hivyo. Mwaka 1936 mvuvi wa Finland, Lauri Rapala, alichonga kisamaki kutoka kwenye gome la koki, akakifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti na kukipaka utando wa negativu za picha zilizoyeyushwa. Hakuwa na fedha za urembo. Alichotaka ni kitu kitakachoyumba kama samaki aliyeumia, kwa sababu aliona samaki wala wenzao wanamchagua dhaifu katika kundi. Mwaka 1962 jarida la Life liliandika habari zake katika toleo lile lile lililobeba kifo cha Marilyn Monroe, likasomwa na watu wengi ajabu, na maagizo yakamiminika.

RANGI NA SAA

Kwenye rangi, usijitese. Maji yakiwa safi, kama kwenye bwawa la Table Rock kule Missouri, chukua rangi tulivu za asili: fedha, nyeupe, kijani cha mimea, kahawia. Maji yakiwa na tope, chukua kinachoonekana: njano kali, chungwa, nyekundu, au nyeusi yenye bluu. Rangi mbili zinatosha kwa kila chambo.

Kuhusu saa, hapa nina habari itakayowafurahisha wapenda usingizi. Wakati wa kiangazi wavuvi wanaamka alfajiri. Januari hakuna sababu. Jua linahitaji muda kupasha mawe na maji ya kando, hasa kingo zinazotazama kusini. Nyuzi moja au mbili zikipanda, samaki anaweza kuchangamka. Kwa hiyo lala, kunyweni chai pamoja, tokeni saa nne au saa tano. Mida ya saa saba hadi saa kumi mchana mara nyingi ndiyo yenye neema.

MCHEZO WA BESENI

Kisamaki cha kusimama kina tabia moja. Kile kinachosimama vizuri kwenye maji ya vuguvugu kinaweza kupanda juu kwenye maji yenye baridi, kwa sababu maji yakipoa yanakuwa mazito. Basi Ijumaa usiku jazeni beseni maji na barafu, mkitumbukize kikiwa kimefungwa kwenye mshipi mtakaoutumia, mtazame. Kikipanda, ongezeni kipande kidogo cha uzito wa kubandika tumboni, mjaribu tena mpaka kitulie. Ni dakika 20 za kucheka jikoni, nazo zinaokoa siku nzima. Mshipi wa fluorokaboni wa ratili 8 hadi 10 unafaa hapa, kwani unazama na hauonekani sana.

USALAMA KWANZA, MAPENZI BAADAYE

Hapa tuache utani. Kwenye maji yenye baridi kali, kinachoua si kutojua kuogelea peke yake. Waokoaji wanafundisha kanuni ya moja, kumi, moja. Ukitumbukia, una kama dakika 1 ya kutawala pumzi yako, kwa maana mshtuko unakufanya uvute hewa kwa nguvu bila kupenda, na kichwa kikiwa chini unavuta maji. Kisha una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Baada ya hapo unaweza kuwa na karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi, lakini hiyo ni kama kuna kitu kinachokushikilia juu ya maji.

Kitu hicho ni jaketi la kuokolea maisha. Livae toka unapokanyaga boti, usilikalie. Dada, kama yeye ni mbishi, huu ndio ugomvi wa kuanzisha. Kaka, usimwambie mwenzio avae huku wewe lako limelala chini ya kiti. Kama ndiyo mara yenu ya kwanza, anzieni kwenye gati au ukingoni. Besi wapo hata huko, na mkizidiwa na baridi gari liko hatua chache.

SHERIA NA SUFURIA

Tunajua, sisi samaki ni chakula. Lakini karibu kila jimbo linataka mtu mzima awe na leseni, na kila ziwa lina kanuni zake. Pale Lake Fork, kwa mfano, besi wa urefu wa kati ya inchi 16 na 24 lazima arudishwe majini. Kutojua si utetezi, na faini itameza ile bajeti tuliyoihangaikia. Besi mkubwa pia anaweza kuwa amekusanya zebaki mwilini kwa miaka mingi, kwa hiyo soma ushauri wa afya wa jimbo lako kabla ya kumpeleka jikoni, hasa kama mna watoto au mama ni mjamzito.

Kuna suala la risasi pia, ile madini ya kutengenezea chubwi na vichwa vya jigi. Ndege wa majini wakiimeza inawaua. Massachusetts ilizuia chubwi na jigi ndogo za risasi mwaka 2012, na New Hampshire ikaongeza makali yake mwaka 2016. Vichwa vya tungsteni ni ghali zaidi, lakini ni vidogo kwa uzito ule ule, na mkono unasikia mawe vizuri zaidi.

Mnayemrudisha, mrudisheni haraka. Kwenye hewa inayogandisha, macho na mashavu yake yanaumia upesi. Picha moja inatosha, siyo albamu.

KABLA HAMJATOKA

• Nguo kwa tabaka: ya ndani isiyoshika jasho, ya kati ya sufu, ya nje isiyopitisha upepo.
• Glavu jozi mbili kila mmoja. Moja italowa tu.
• Chupa ya chai ya tangawizi. Pombe hapana, inakudanganya kuwa una joto.
• Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu mmoja nyumbani anayejua mko wapi na mtarudi saa ngapi.
• Kipimajoto cha maji. Ni cha bei ndogo, na ndicho kitakachowaambia mhesabu hadi 10 au hadi 30.

MNAPOKUWA WAWILI

Mwisho, neno kwa yule asiyevua. Huna haja ya kupenda samaki ili uende. Uvuvi wa Januari una ukimya mwingi, na ule wa kuhesabu hadi 30 kila mara unawaacha na nafasi ya kuzungumza ambayo sebule yenye televisheni haiwapi. Mengi ambayo hayasemeki mkiwa mmetazamana uso kwa uso yanasemeka mkiwa mmekaa bega kwa bega mnatazama maji.

Na neno kwa yule anayevua. Ukimpeleka mwenzi wako mara ya kwanza, usimfanye mwanafunzi wa kufokewa. Mpe jigi, muonyeshe mara moja, kisha mwache. Saa mbili zinatosha, hata kama hamjapata kitu. Akisema miguu imekufa ganzi, fungeni vitu mwende mkale supu ya moto. Mtu aliyerudi nyumbani akiwa bado anatabasamu atakubali kutoka tena Jumamosi ijayo. Aliyegandishwa mpaka jioni hatakubali mpaka masika, na pengine hata masika hatakubali.

Wikiendi njema, na majaketi msiyasahau!